Kona ya Mwisho ya Dari

Jua lilikuwa linazama nilipokumbuka ngazi yangu. Nikarudi peke yangu kwenye ule ukumbi wa zamani wa Temeke.

Kazi yetu ilikuwa kurudisha mwanga. Ukumbi ulijengwa miaka ya sitini, ukiwa na madirisha juu kabisa ya kuta. Baadaye wakateremsha dari ya bodi, wakayafunika yote, watu wakawa wanawasha taa mchana. Tulishabomoa dari yote isipokuwa kona moja, juu ya stoo. Mzee Valerian, msimamizi wa ukumbi, alikataza isiguswe.

Mimi niliitaka kona hiyo. Dada yangu Sesilia alikuwa mfagiaji hapo, akafariki ghafla wiki ileile dari ilipowekwa. Mpaka leo mama anasema tulizika mgomba uliogeuzwa maiti yake, na kwamba Valerian alimchukua mwanawe msukule, amtumikishe kichawi.

Nikapanda ngazi.

Harufu ikanipokea. Pumba... chakula cha misukule.

Halafu sauti. Shwaa... shwaa...

Mtu anafagia. Ndani ya dari.

"Romani." Mzee Valerian alikuwa amesimama chini, bakuli la pumba mkononi. "Shuka, mwanangu. Kona hiyo iache na giza lake."

"Shikamoo, mzee. Nani anafagia?"

Akalificha bakuli nyuma yake. Nikaipiga bodi nyundo mpaka ikaanguka.

Jua jekundu likaingia, likatua sakafuni. Katikati ya mwanga kulikuwa na kivuli cha mwanamke mwenye fagio.

Mwanamke mwenyewe hakuwepo.

Kivuli kikaanza kumfagia Valerian kama takataka, polepole, kuelekea stoo.

"Mwambie aache," mzee akanong'ona. "Wewe atakusikia."

Ni kweli, angenisikia.

Nikanyamaza.

Jua lilipozama, dada akaondoka nalo. Asubuhi walimkuta Valerian stoo, amekufa, kinywa kimejaa pumba. Mazishini nilijitolea kubeba jeneza. Likanivujia begani. Utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo, na shati lile ninalo hadi leo.

Juzi mhandisi Gladness alikuja kukagua. Ukumbi ulikuwa unang'aa, akafurahi sana. Kisha akatazama juu ya stoo.

"Fundi, mbona kona hii umeirudishia bodi?"

"Kioo kimepasuka, dada. Mie nitakibadilisha."

Juu yetu fagio lilikuwa linaburuzwa vibaya, kama na mtu asiyezoea kazi.

Pumba simpelekei.