Maziwa ya Mtini

Kila asubuhi Raheli alifagia uwanja, akawanywesha mbuzi, kisha akamfuata mama yake, Angelina, kwenye shamba lao la mizabibu huko Makutupora. Mavuno yalikwisha, sasa walikuwa wakipogoa. Raheli aliikata mizabibu ikabaki vijiti vifupi, na majirani wakamsifu. Sifa zikamlevya.

Nyuma ya nyumba palikuwa na mtini uliositawi mpaka ukaziba dirisha la jiko. Mama alikwisha kumwonya, "Huo usiuguse sasa." Jumamosi moja, mama alipokwenda kuteka maji, Raheli akaanza kuukata vilevile alivyokata mizabibu. Utomvu mweupe kama maziwa ukamchuruzika mikononi. Kwa mikono hiyohiyo akajifuta jasho usoni.

Punde jicho likamwasha kama limetiwa pilipili. Rafiki yake, Stara, alipopita alishtuka, naye Raheli akamweleza yote.

"Weye, sema ni moshi wa kuni. Ukisema kweli utachapwa!"

Mama aliporudi, Raheli akasema, "Ni moshi, mama."

"Pole, mwanangu. Toka jikoni basi, kakae nje upigwe na upepo."

Raheli akakaa juani. Maskini, hakujua kwamba utomvu wa mtini ukipigwa na jua huzidi kuunguza! Mikono ikawa myekundu, ikavimba. Jicho likajifumba. Alipolifungua kwa vidole, aliona ukungu mtupu. Fimbo aliiogopa, lakini upofu aliuogopa zaidi.

"Mama! Si moshi! Nimekata mtini!"

Mama alimvuta kivulini, akamwagia jicho maji safi, kata baada ya kata, akamwosha mikono kwa sabuni, kisha wakakimbilia zahanati. Muuguzi alimtia dawa, akalifunga jicho. Raheli alilala akiwaza kama ataona tena. Bandeji ilipofunguliwa, akaona maua ya kitenge cha mama yake. Akalia kwa furaha.

Julai, mtini ulipopukutisha majani, mama alinunua mashati mawili ya mitumba ya mikono mirefu. Wakaanza na matawi makavu, wakafuata yaliyosuguana, wakaacha yale makubwa yenye afya.

"Mtini hukatwa ukiwa umelala," mama alisema. "Si kama mzabibu, kila mti una msimu wake. Lakini ukweli, mwanangu, hauna msimu. Ungeniambia mapema, nisingekupeleka juani kwa mkono wangu mwenyewe."