Namba za Jumatatu

Ilikuwa Jumatatu, tarehe tisa Februari. Tangu alfajiri upepo mkavu ulikuwa ukisukuma vumbi kutoka upande wa kambi ya ndege, na kufikia saa tatu asubuhi jua liliwaka hata watu wakawa wanatembea wamekunja nyuso, kana kwamba mji mzima umegombana.

Duka la fotokopi lililotazamana na ofisi za manispaa lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Jeshi lilikuwa limetangaza kwamba litaleta ndege mpya za mafunzo, ndege za jeti, na kwamba mwenye pingamizi aliandike na kulipeleka kwenye kamati. Mashine mbili za duka lile zilikuwa zinatema pingamizi tu.

"Dada, mstari unaanzia huku nyuma," alisema mwanamume mmoja.

"Nilikuwepo kabla yako. Nilitoka kuchukua kalamu."

"Kila anayechomekea huwa alitoka kuchukua kalamu."

Mwanamke aligeuka. Aliyesema alikuwa mrefu, amevaa shati la rangi ya maziwa lililomkaa kama ngozi ya pili, na futi ya kushonea ilining'inia shingoni mwake. Yeye naye akamwona mwanamke wa buti nzito, suruali ya buluu yenye mifuko mingi, kitambaa cha njano kichwani, na macho yasiyoomba radhi.

"Una haraka ya nini?" mwanamke aliuliza.

"Pingamizi la mtaa mzima. Saini mia mbili na kumi. Na wewe?"

Alimwonyesha karatasi yake: Fomu ya Vipimo vya Kelele. "Kampuni yetu ndiyo inayofanya tathmini ya mazingira ya hizo ndege. Mimi ndiye mpimaji."

Mstari wote uligeuka kumtazama.

"Kumbe!" alisema yule wa futi, fundi cherehani. "Adui naye anapanga foleni."

"Mimi napima tu. Sikuziagiza mimi."

"Na anayekutuma ni nani? Si mwenye ndege?"

Watu walicheka, na kicheko hakikuwa kizuri. Zamu ya mpimaji ilipofika, mashine ikaitafuna fomu yake. Fundi alisogea, akafungua kifuniko, akaivuta karatasi taratibu bila kuichana, kwa vidole vilivyozoea hariri.

"Asante," mpimaji alisema kwa shingo upande.

"Usinishukuru. Nataka uondoke mbele yangu."

Siku mbili baadaye mpimaji alipewa vituo vitano vya kuweka vipimo. Cha tano kilikuwa karibu zaidi na barabara ya kurukia ndege: paa la zege la shule ya chekechea, katika mtaa wa nyumba zilizobanana. Mwenye shule alikuwa mama mtu mzima aliyeitwa na kila mtu Mama Mwalimu. Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa cha cherehani, na nyuma ya cherehani aliketi mwanawe, yuleyule mwenye futi shingoni.

"Mama, huyu ndiye yule niliyekwambia."

"Yule mwenye kiburi?" mama aliuliza, bila kupunguza sauti. "Mbona hukusema ni mzuri?"

"Hukuniuliza."

Mpimaji alipanda ngazi akijifanya hakusikia. Mama Mwalimu alimfuata mpaka chini ya ngazi akamweleza kilichokuwa kikimnyima usingizi. Watoto arobaini na watatu walilala mchana katika vyumba vile. Njia ya ndege ilikuwa bado haijachaguliwa. Kama vipimo vingeonyesha kelele kubwa hapa, ndege zingepitishwa kwenye uwanda mtupu nyuma ya kambi. Kama vingeonyesha pametulia, zingepita juu ya paa hili, na chekechea hairuhusiwi chini ya njia ya ndege. Shule ingefungwa.

"Mimi naomba Mungu, mwanangu. Wewe pima kwa haki."

"Nitapima, mama."

Kipimo kilikuwa kijisanduku chenye kinasa sauti, cha kuhesabu kelele kwa desibeli, kimesimama juu ya miguu mitatu. Mpimaji alipomaliza kukifunga alimgeukia fundi, aliyekuwa amemfuata juu.

"Kisiguswe. Kisisogezwe. Hiki kimeazimwa, kikiingia vumbi au mvua, mimi sina kazi."

"Sawa, Bi Desibeli."

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani? Mpenzi?"

"Jaribu uone."

Tangu siku ile ndege mbili za majaribio zilipita juu ya mtaa mara sita kwa siku, Jumapili hadi Jumapili, na kila zikipita watoto waliziba masikio na wadogo zaidi walilia. Kila Jumatatu mpimaji alikuja kuchukua namba. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi, lakini alikaa paani muda mrefu zaidi, kwa sababu fundi alipanda na viti viwili.

"Buti hizo unalala nazo?"

"Nalala nazo. Nikiota nakupiga teke."

"Basi unaniota."

Mpimaji alicheka mpaka akashika ukingo wa paa. Jumatatu ya tatu fundi alimshonea upindo wa sketi uliokuwa umefumuka, naye akamwambia mishono yake imepinda, ingawa ilikuwa imenyooka kabisa. Jumatano iliyofuata mpimaji alimpigia simu.

"Unafanya nini?"

"Natukanwa na ndege."

"Nimekukumbuka, fundi."

"Sema tena, inapita."

"Sisemi mara mbili."

"Basi nilisikia mara ya kwanza, mpenzi."

Mpimaji hakumkataza kumwita hivyo.

Mwishoni mwa Machi kamati ilikutana katika ukumbi wa manispaa. Mbele waliketi watatu. Mwenyekiti, mama mmoja mkali mwenye miwani minene. Kanali wa kambi, mikono juu ya magoti. Na mkuu wa kampuni ya tathmini, suti ya kijivu, ambaye ndiye aliyesoma ripoti. Vituo vinne vya kwanza vilikuwa kati ya desibeli sabini na nne na sabini na tisa. Kituo cha tano, hamsini na nane.

"Ghala kubwa lililo jirani linakinga mtaa ule," alisoma. "Tunapendekeza njia ya ndege ipite juu ya kituo cha tano."

Ukumbi ulilipuka. Mama Mwalimu alishika kichwa. Fundi alisimama juu ya kiti.

"Muulizeni huyo mwenye kitambaa cha njano! Alikaa juu ya paa letu. Alisikia kwa masikio yake! Wamekupa nini, wewe mwanamke?"

"Nimesoma kilichoandikwa na kipimo," mpimaji alijibu. "Hasira yako haina namba."

"Ulikunywa maji ya mama yangu ukiwa unamchimbia kaburi!"

"Shuka kwenye kiti, unajiaibisha."

"Wa kuona aibu ni wewe!"

Jioni ile mpimaji alimpigia mara tatu. Mara ya nne fundi alipokea.

"Usinipigie. Ukitaka kusikia sauti yangu, panda paani uipime."

"Na wewe ukitaka heshima katafute kwa wateja wako. Kwangu imekwisha."

Wote wawili walisali kabla ya kulala, kila mmoja kwao. Fundi alimwomba Mungu amlinde mama yake, kisha akamwomba amwadhibu mtu fulani, kisha akaona haya akaacha katikati. Mpimaji alipofika penye kuwasamehe waliomkosea aliruka sehemu ile, akamalizia amina. Ninavyoamini, maombi ya namna hiyo nayo hufika, hata kama yamefika yakichechemea.

Alhamisi asubuhi mpimaji alikwenda kukiondoa kipimo. Hakutoa taarifa. Alipita mbele ya cherehani bila salamu, akapanda ngazi, akasimama.

Kipimo kilikuwa kimevaa koti.

Lilikuwa koti hasa, la turubai la kijani, lenye vifungo vitano na kola ndogo shingoni. Alilipapasa. Chini ya turubai palikuwa na sponji, tabaka mbili, na ndani kabisa bitana ya kitambaa laini. Mishono yake ilikuwa imenyooka kama mstari wa rula.

"Fundi! Panda hapa!"

Fundi alipanda, uso umefungwa. "Umekuja kutupimia jeneza?"

"Hiki ni nini?"

Alilitazama koti. "Nilikushonea. Ulisema vumbi likiingia huna kazi. Nilitaka nikupe siku ya mwisho."

"Kinavaa tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Jumatatu asubuhi nakivua, nakifuta, ukikute kisafi. Ukiondoka nakivisha. Sikukisogeza hata kidogo."

Mpimaji aliketi juu ya zege. "Umekiziba masikio," alisema. "Wiki saba. Umemfungia mama yako shule kwa mikono yako mwenyewe, halafu ukanisimanga mimi mbele ya watu!"

"Na wewe mtaalamu, wiki saba hukuona kitu?"

Ndege ya kwanza ya asubuhi ilipita, na chini watoto wakaanza kulia. Ilipokwisha kupita mpimaji alisema kwa sauti ndogo:

"Niliona. Kila Jumatatu kipimo kilisoma sabini na nane. Siku nyingine zote hamsini na nane. Nikazifuta namba za Jumatatu."

"Kwa nini ukazifuta?"

"Kwa sababu Jumatatu tulikuwa hapa. Tulikuwa tunacheka. Nilidhani ile kelele ni sisi. Nikaona aibu mkuu asije akauliza nilikuwa na nani. Halafu nikaandika maneno ya ghala."

Fundi alijiegemeza ukingoni. Namba za kweli zilikuwa ni zile za siku walizokaa pamoja, na ndizo zilizotupwa.

"Kamati inafunga shauri kesho," mpimaji alisema. "Nikisema hili, kazi sina."

"Nikisema mimi, mtaa utanila mbichi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wapo watoto arobaini na watatu." Alinyoosha mkono amwinue.

"Usinishike. Bado nina hasira na wewe."

"Hata mimi sijamaliza yangu."

Alisimama mwenyewe.

Ijumaa ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza. Mpimaji alivaa gauni jeusi la mikono mirefu, kama mtu aendaye msibani. Aliomba nafasi, akasimama, akaeleza kwa utaratibu: kipimo kilifunikwa, naye hakugundua, namba za Jumatatu alizifuta, na hakuwa na haki ya kuzifuta, na ghala halikingi chochote.

"Kaa chini!" mkuu wake alifoka. "Unachafua kampuni!"

"Niliyekifunika ni mimi," fundi alisema, akasimama naye. "Yeye hakujua."

Kinyozi wa mtaani kwao, ambaye ndiye aliyezungusha karatasi ya saini nyumba kwa nyumba, aliruka kama amemwagiwa maji ya moto. "Wewe? Mia mbili na kumi tumesaini, wewe unakishonea kipimo koti? Na soksi hukukishonea?"

Watu walicheka kwa uchungu. Mmoja alimwita msaliti, mwingine akamwita bwege wa mapenzi, na wote wawili walipigiwa makofi. Mkuu wa kampuni alikusanya karatasi zake, akamwambia mpimaji mbele ya wote kwamba kuanzia dakika ile si mfanyakazi wake. Mpimaji aliinamisha kichwa. Hakulia. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, na Mama Mwalimu, aliyekuwa karibu, alijua anasali.

Kanali alisimama. "Marubani wangu wanafunzi watapita njia itakayochaguliwa. Sitaki iwe imechaguliwa kwa namba za uongo. Pimeni upya."

Mwenyekiti alivua miwani. "Kituo cha tano kitapimwa upya, siku kumi na nne, na mpimaji mwingine wa kampuni nyingine. Lakini aliyekifunika aahidi hapa, kwa sauti, iandikwe, kwamba hatakigusa tena. Vinginevyo hakipimwi tena, na ripoti inabaki ilivyo."

"Asiaminiwe!" kinyozi alipiga kelele.

Mama Mwalimu alimgeukia mwanawe. "Sema. Na useme kwa sauti, usinong'one kama unaungama wizi wa sukari."

Fundi alikohoa. "Mbele ya mwenyekiti, mbele ya kanali, mbele ya mama yangu na majirani wasiotaka kuniona leo: naahidi kwa siku kumi na nne sitalipanda paa lile, sitakigusa kipimo wala kukifunika. Na siku ya kumi na tano, Mungu akinipa uhai, nitasimama mlangoni kwa baba yake huyu dada kumposa, hata nikifungiwa nje."

Ukumbi ulipiga mbinja, wengine wakazomea.

"Hilo la pili halihusu kamati," mwenyekiti alisema, lakini kalamu yake haikuacha kuandika.

"Linanihusu mimi," mpimaji alisema. Alimtazama fundi, na macho yake yalikuwa bado hayajalainika. "Nani alikwambia nakutaka? Umenikosesha kazi, umenitukana juu ya kiti mbele ya mji mzima."

"Nimekuja kukuomba radhi mbele ya mji huohuo."

"Radhi nitaipima mwenyewe, na nitachukua muda wangu." Akamgeukia mwenyekiti. "Andika na yangu, mama, hawa wote wawe mashahidi: akija siku ya kumi na tano naahidi nitamfungulia mlango kwa mkono wangu. Nitamfungulia nikiwa na hasira zangu, lakini nitamfungulia."