Hesabu ya Bibi Lunt

Amri ilifika ndani ya kifungo cha koti, cha shaba.

Keziah Lunt alikichukua kwa mchuuzi wa samaki, akajifungia chooni, akakizungusha mara tatu kushoto. Kikafunguka. Karatasi iliyokuwemo ilikuwa ndogo kama ukucha.

"Watailipua Kozi leo mchana. Hatujui kwa njia gani. Tunasikiliza sauti yako. Ukinyamaza, tutajua. Usijifichue kwa mtu yeyote. F."

Akaimeza.

Kozi ilikuwa mashua ya ushuru, yenye watu kumi na mmoja, imetia nanga chini ya kilima cha Wexcombe, pale mto unapobana kama shingo ya chupa. F alikuwa Luteni Fairlamb, nahodha wake. Nje, kwenye maji makuu, meli ya magendo ilikuwa inangoja ikiwa na shehena ya baruti ya Wafaransa. Kozi ikitoweka, njia nyeupe.

Watu wa Wexcombe, koloni la Rhode Island, walimjua Keziah kama mjane anayeuza riboni na sindano mlango kwa mlango. Chini ya riboni, kapuni, ililala bastola ya gumegume, Birtles ya London, fupi kama kiganja.

Leo bastola haikuwa na kazi. Mto ulikuwa mbali mno kwa risasi yake.

Tarehe tatu Juni, 1769. Saa nane na robo mchana.

Uani kwa mzee Amariah Pickworth hapakuwa na pa kukanyaga. Nusu ya mji ilikuja, kila mtu na kipande chake cha kioo kilichopakwa masizi. Mzee alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alizaliwa kwa mchunga kondoo, akajifunza mwezi kwa kuuchora kwa mkaa kwenye mlango wa zizi, na kila asubuhi baba yake alimchapa na kuufuta. Saa ndefu iliyosimama bandani aliitengeneza mwenyewe, gurudumu kwa gurudumu, miaka minne. Sayari Zuhura alipopita mbele ya Jua miaka minane iliyopita, Wexcombe ilikuwa gizani. Leo angepita mchana kweupe. Baada ya leo, asingepita tena hadi iishe miaka mia moja na mitano.

Na alichokitafuta mzee kilikuwa sekunde moja tu: ile ambayo Zuhura anaingia mzima ndani ya Jua na kuachana na ukingo. Sekunde hiyo ikipatikana hapa, na ikapatikana katika nchi za mbali, wajuzi wangezilinganisha na kujua Jua liko umbali gani.

Lakini jicho moja haliwezi kukaa kwenye darubini na kwenye saa kwa pamoja. Ndipo anapotakiwa mtu wa kuhesabu. Anasimama mbele ya saa, anataja kila sekunde kwa sauti, na hakuna mwingine anayeruhusiwa hata kukohoa.

"Jirani Amariah," mama mmoja akamtania, "huko juu hujaiona mvua? Mahindi yangu yanakauka."

"Nimeiona, mama. Imesikia unavyogombana na mumeo, imeogopa kushuka."

Watu wakacheka. Mzee akacheka pia. Akamgeukia Keziah, mhesabu wake.

"Mwanangu, usiniache katikati."

"Nipo, mzee."

Shemasi Barnabas Sloat akasogea mlangoni mwa banda. Tajiri wa gati, koti jeusi, tabasamu la ibada. Miezi mitano Keziah alikuwa amemfuata. Alijua meli ile ya magendo ni yake. Ushahidi hakuwa nao.

"Ni mimi niliyemwambia mzee akuchague wewe," Sloat akanong'ona. "Sauti kama kengele. Na kazi hii ina uzuri wake. Haimruhusu mtu kutoka."

Keziah akaelewa. Amefungwa bila kamba.

"Ukikosea, Bibi Lunt, utakuwa umemuua mzee wa watu."

"Najua kuhesabu, Shemasi. Hata vidole vyako naviona, viko kumi, na vinatokwa jasho."

Sloat akaondoka akitabasamu. Kitu kimoja hakukijua. Sauti ile haikusikilizwa na watu wa uani peke yao.

"Amegusa!" mzee akapaza sauti.

Doa jeusi lilikuwa limeanza kuuma ukingo wa Jua. Dakika kumi na nane mpaka aingie mzima. Keziah akaanza. Sekunde baada ya sekunde, dakika baada ya dakika, koo likakauka. Upepo ukaichukua sauti yake na kuishusha mtoni.

Mlango wa banda ulitazama maji. Dakika ya kumi na saba, kwa pembe ya jicho, akaiona.

Mashua bapa. Watu wawili wanapiga kasia. Juu yake, rundo la nyasi.

Akaendelea kuhesabu.

Nyasi za bwawa la chumvi hukatwa mwezi wa saba. Kila mtoto wa Wexcombe anajua. Mwezi wa sita hakuna mwenye mundu aliyewahi kuzigusa. Lakini mabaharia wa Kozi walitoka ng'ambo. Kwao nyasi ni nyasi. Tena wote walikuwa wameinua vioo, wanatazama Jua.

"Ishirini na mbili. Ishirini na tatu."

Mashua ilikuwa hatua mia mbili kutoka Kozi.

Mfikishe mzee, akajiambia. Sekunde chache tu. Mfikishe kwanza.

"Karibu," mzee akasema, jicho kwenye darubini, Harkwell ya London. "Karibu sana... Mbona haachi? Ameng'ang'ania ukingo kama tone la lami."

"Thelathini. Thelathini na moja."

Hatua mia.

Achia, Zuhura. Achia, tafadhali.

"Thelathini na nane. Thelathini na tisa."

Mpiga kasia mmoja akainama kwenye nyasi. Cheche. Tena cheche. Moshi mwembamba ukainuka.

"Arobaini."

Watu kumi na mmoja.

"Arobaini na moja."

Akanyamaza.

Kimya kikashuka kilima hadi mtoni.

"Hesabu!" mzee akalia bila kuinua kichwa. "Keziah, hesabu!"

Sloat aliruka kutoka uani. Aliona mtego wake unafunguka, akadhani mwanamke anataka kutoka kupiga kelele. Akamkaba, akamziba mdomo kwa kiganja. Bega lake likaikumba saa. Kibembeo cha ndani ya saa kikagonga mbao.

Kikasimama.

"Sasa!" mzee akapaza sauti. "Sasa! Ameachia! Ngapi?"

Kiganja cha Sloat kilikuwa kimeubana mdomo wa Keziah, kikizidi kuulinda ukimya ule ule uliokuwa unamwangamiza mwenyewe.

Filimbi ikalia mtoni.

Kozi ikakata kamba ya nanga, ikageuka na mkondo. Bunduki sita zikafyatuka. Wapiga kasia wakajitosa. Mashua ya nyasi ikapita pembeni peke yake, ikakwama kwenye tope upande wa pili, ikalipuka. Madirisha ya Wexcombe yote yakatetemeka.

Halafu sauti ikatoka majini, ya mtu anayekunywa maji bila kupenda.

"Shemasi! Shemasi Sloat, tuokoe!"

Uani watu wote wakageuka.

"Ulinyamaza makusudi," Sloat akasema kwa sauti ya chini, akimwachia.

"Nilipotewa na hesabu, Shemasi. Sisi wauza riboni ndivyo tulivyo."

Mabaharia walipanda kilima wakamchukua Sloat. Luteni Fairlamb alipita mbele ya Keziah kama anayepita mbele ya mti.

Mzee Pickworth alikuwa amepiga magoti mbele ya saa yake.

"Andika arobaini na tano," jirani akamshauri. "Nani atakuja kukagua?"

"Watu wa nchi nyingine wataichukua namba yangu waijumlishe na zao. Nikiwapa uongo, nitaharibu na ya kwao."

Akachovya kalamu. Akaandika polepole: *Kuachana na ukingo: nimeshuhudia kwa jicho langu. Wakati wake haujulikani.*

Keziah alisimama karibu naye. Maneno yalikuwa mdomoni. Watu kumi na mmoja, mzee. Mpishi wao ana mtoto mchanga. Neno moja tu lingetosha. Amri ilikataa hata hilo moja.

"Nisamehe, mzee."

"Kosa langu, mwanangu. Nimekusimamisha muda wote huu bila hata maji. Mtu yeyote angechoka." Akamshika mkono, akampeleka kwenye darubini. "Njoo. Bado yupo, mpaka Jua litue. Mtazame."

Akatazama. Nukta ndogo nyeusi, tulivu, ikielea kwenye mwanga.

Akachukua kapu lake.

"Kuhesabu hadi sitini tu kumemshinda!" yule mama wa mahindi akatema mate langoni. "Umemzika mzee akiwa hai, mwanamke wewe!"

Keziah akaweka kofia yake sawa.

"Riboni za bluu zimebaki mbili, mama. Nikukatie?"

Hakungoja jibu. Akashuka kilima taratibu, mgongo wima, maana bado walikuwa wanamtazama.