Winchi Ajifunza Kupumua

Mtaa mzima ulimwita Winchi. Kazi yake ilikuwa kuhamisha vyombo vya watu. Makabati, friji, vitanda, vyote vilipanda ngazi mgongoni kwake. Mkewe, fundi cherehani, alishonea chumbani kwao ghorofa ya tatu, mlango wazi, na hakuna umbeya wa ngazini uliompita.

Winchi alikuwa na mtindo wake. Akishika mzigo, anafunga pumzi. Haiachii mpaka autue.

"Ukipumua, nguvu zinavuja," alijigamba, na watu wakampigia makofi.

Siku hiyo jirani wa mlango wa pili alinunua kabati. Watu wakajaa ngazini kutazama.

"Fundi, na wewe anakubeba hivyo?" mmoja akachokoza.

"Akisikia nimepika tu!" fundi akajibu kutoka ndani.

Wakacheka. Kisha kicheko kikakatika. Winchi alikuwa amefika juu, macho yamemtoka, mishipa ya shingo imevimba. Akatua kabati, akashika ukuta, akateleza mpaka chini.

"Naona nyota," alisema.

Fundi akatoka mbio, mkasi bado mkononi. "Muiteni nesi!"

Nesi, jirani wa ghorofa ya juu, alishuka na mashine yake ya kupima presha.

"Shemeji, kifua kinauma? Mkono una ganzi? Inua yote miwili. Huyu ni nani?" akauliza, akimwonyesha fundi.

"Huyo? Bosi wangu."

Hakuna aliyecheka. Mashine ikasoma mia na tisini kwa mia na kumi.

"Ni kabati hilo, shemeji," Winchi akajitetea. "Nani presha isingempanda?"

"Kweli. Ukibeba kitu kizito, misuli inadai damu, moyo unasukuma kwa nguvu, presha inapanda. Ukifunga pumzi, inaruka zaidi. Lakini ukipumzika, inatakiwa ishuke. Kaa kwenye kiti, egemea, miguu chini. Usiongee. Na nyinyi wote, kimya!"

Ngazi nzima ikanyamaza. Fundi alisikia bomba likidondosha maji kwa jirani. Alimtazama mumewe, kifua kile kipana, na moyoni akaomba: shuka, shuka.

Nesi akapima tena. "Mia na sabini kwa mia."

"Si imeshuka!" Winchi akadakia.

"Imeshuka, ila iko juu bado. Kabati umeshalitua, shemeji. Hii iliyobaki ni yako mwenyewe."

"Mbona siumwi kitu siku zote?"

"Presha haipigi kelele. Inauchosha moyo polepole, mpaka siku mshipa wa kichwani upasuke. Twende kliniki, leo hii."

"Nikiacha kubeba, tutakula nini?"

"Tutakula uzi!" fundi akafoka. "Simama."

Kliniki walimpima siku ile na siku nyingine, na bado ilikuwa juu. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, hata akijisikia mzima. Fundi akapunguza chumvi. Jioni wakatembea pamoja, naye fundi akasalimia kila mlango. Mizigo mizito ikasimama mpaka daktari aridhike.

Presha iliposhuka na daktari kumruhusu, nesi alimfundisha kwa ndoo ya maji. "Ukiinua, toa pumzi. Usiifunge kamwe. Mzigo mkubwa, gawaneni. Ukichoka, tua."

Sasa Winchi hufungua kabati vipande vipande, na hubeba na mwenzake.

"Huuu! Huuu!" sauti ilipanda ngazi asubuhi moja.

"Winchi kawa treni!" wanawake wakaangua kicheko.

Fundi alikuwa akishona. Huuu, ghorofa ya kwanza. Huuu, ya pili. Kisha kimya. Mguu wake ukaganda juu ya pedali. Mkono ukaacha kitambaa.

"Bosi!" Winchi akaita kutoka chini. "Tumetua, tunapumzika. Maji yapo?"

"Yapo," alijibu, na cherehani ikaanza tena kuimba.