Reva ni Mkazi wa Wapi?

Kila Ijumaa alasiri, Reva Stiltner alikuwa akizima cherehani yake, anakung'uta nyuzi kwenye suruali, kisha anatoka kiwandani bila kuaga. Kiwanda chenyewe ni cha makochi, kipo Hickory, Karolina ya Kaskazini. Yeye alishona vitambaa vya kufunikia makochi hayo. Ijumaa mgongo ulikuwa umechoka, na vidole vimekakamaa. Lakini hakwenda kulala. Alipitia nyumbani kuchukua mkoba na binti yake, akashika barabara ya kaskazini. Walipanda milima, wakapita kwenye handaki refu, wakatokea Virginia ya Magharibi, kwa mama yake.

Wengi waliotoka kwenye milima ile ya makaa ya mawe walifanya hivyo. Migodi ilipofungwa, walihamia kusini kutafuta kazi. Mwili ulihama, mambo mengine yakabaki kwao.

Reva alikuwa amekaa Hickory miaka tisa. Hata hivyo, namba za gari lake zilikuwa za Virginia ya Magharibi. Leseni yake ya udereva ilikuwa na anwani ya mama yake. Alipiga kura huko huko. Fomu zake za kodi alijaziwa na binamu yake kila majira ya baridi, kwenye ukumbi wa kanisa la kwao, na binamu aliandika anwani ile ile ya mama. Na kila Novemba, kabla ya sikukuu ya Shukrani, Reva alinunua leseni ya kuwinda kulungu. Alinunua ile ya bei nafuu, wanayouziwa wakazi wa jimbo tu. Yeye na mdogo wake, Dorsey, waliwinda kwenye kilima ambako baba yao aliwafundisha kulenga.

"Hapa Hickory nimepanga tu," alizoea kusema. "Kwetu ni kule."

Mumewe alifariki zamani. Mtoto wake alikuwa mmoja, Shelby, msichana mwenye sauti kubwa na mwepesi wa kucheka. Mwaka huo Shelby alikuwa anamaliza shule ya sekondari, na chuo kikuu cha jimbo kilikuwa kimemkubali kusomea uuguzi.

Ijumaa moja ya Aprili, Reva alimkuta Shelby amekaa jikoni, simu iko mbele yake mezani.

"Mama, usipakie kwanza."

"Kuna nini? Bibi yako ameshaweka maharage motoni."

"Majibu ya ukazi yametoka."

"Ukazi gani?"

"Si yale maombi niliyojaza mtandaoni? Nikakuomba namba ya leseni yako, ukanipa huku unakaanga mayai. Wamesema mimi si mkazi wa Karolina ya Kaskazini."

Reva akavuta kiti, akaketi taratibu. "Umesoma hapa tangu darasa la tatu."

"Najua."

"Mimi nawashonea makochi yao!"

"Mama, kompyuta haijui habari za makochi."

Shelby akaeleza. Mkazi wa jimbo hulipa ada ndogo kwenye chuo cha jimbo, kwa sababu familia yake imekuwa ikikichangia kwa kodi. Asiye mkazi hulipa karibu mara tatu.

"Kwa ada hiyo siendi," Shelby akasema. "Usianze kutafuta kazi ya pili. Nakuona ukishuka garini, unashika mlango kwanza."

Siku hiyo hawakusafiri. Reva alimpigia Dorsey kumwambia.

"Wanakutania hao," Dorsey akasema. "Waambie mwenye leseni ile ni Reva mwingine. Milima hii imejaa akina Reva."

"Dorsey, nimechoka. Usinichekeshe."

Asubuhi iliyofuata, mama na binti walivuka uwanja kwenda kwa jirani yao, Bi Odessa Pettiford. Bi Odessa alifanya kazi kwenye ofisi ya usajili ya chuo kimoja hapo mjini, na kila mwaka alipokea wanafunzi wenye shida kama hiyo. Walimkuta barazani, amevua viatu, miguu ameinyoosha juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Samahani kwa kutosimama," akasema. "Wiki hii tumepokea watu mpaka basi. Ketini. Chai baridi ile pale, jimiminieni."

Alisoma majibu kwenye simu ya Shelby, akasoma tena.

"Bi Odessa, nimekaa hapa miaka tisa," Reva akasema.

"Nakuamini. Nimekuona. Lakini wanaoamua hawakukuona. Niambie, leseni yako ya udereva ni ya wapi?"

"Ya kwetu."

"Gari?"

"La kwetu."

"Kura?"

"Kwetu."

"Kodi ya mapato unaandika wewe ni mkazi wa wapi?"

"Binamu yangu ndiye anayejaza." Reva akainamisha macho. "Anaandika kwetu."

"Kingine?"

Shelby akaingilia. "Leseni ya kuwinda."

"Ya mkazi?"

"Ndiyo."

Bi Odessa akashusha pumzi. "Hiyo watu wengi huisahau. Ukinunua leseni ya mkazi, umetia saini kwamba wewe ni mkazi wa kule. Umelithibitishia jimbo lile. Sasa hapa utathibitisha nini?"

"Lakini nalala hapa. Nafanya kazi hapa."

"Kulala hapa ni nusu ya jambo. Sikiliza, jirani. Mtu anaweza kuwa na nyumba mbili, hata tatu. Lakini makao ya kisheria ni mamoja tu. Ili yawe hapa, lazima uishi hapa, na uwe na kusudio la kuendelea kuishi hapa. Hayo mawili yatimie mwaka mzima kabla masomo hayajaanza. Shelby bado anakutegemea, kwa hiyo wanakutazama wewe, mzazi."

"Na kusudio wanaliona wapi?"

"Kwenye mambo unayoyafanya. Leseni, namba za gari, kura, kodi, mkataba wa nyumba. Moja peke yake halitoshi. Wanayatazama yote kwa pamoja, waone yanaelekea wapi. Ya kwako yote yamepanda mlima."

Shelby akauliza, "Hatuwezi kuomba waangalie upya?"

"Mnaweza. Ni haki yenu, na ina muda wake, kwa hiyo msikawie. Lakini mtapeleka ushahidi gani? Mkataba wa nyumba na barua ya kiwandani, vizuri. Fomu za kodi zitawapinga. Na msithubutu kudanganya. Uongo ukigundulika, atakayeumia ni wewe binti."

Kisha Bi Odessa akamgeukia Reva, akauliza kwa upole, "Kwani kusudio lako ni lipi? Unarudi?"

Reva alizungusha glasi mkononi. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kila mara ni yeye aliyesema kwetu ni kule, na watu wakaitikia.

"Nilisema nitarudi mgodi ukifunguliwa."

"Umefunguliwa?"

"Wamepanda nyasi juu yake." Akaweka glasi chini. "Sirudi, Bi Odessa. Nadhani nimejua siku nyingi. Sikutaka tu kuandika."

Waliomba uamuzi uangaliwe upya, wakijua mwisho wake. Walijibiwa vile vile. Kwa ushauri wa Bi Odessa, Shelby alikiandikia chuo, akaomba ashikiwe nafasi yake mwaka mmoja. Chuo kikakubali. Wenzake walipokwenda vyuoni mwezi wa Agosti, yeye aliajiriwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alirudi jioni ananuka sabuni, akalala na viatu. Reva alimvua viatu bila kumwamsha. Kila alipovifungua kamba, alijiambia, mwaka huu nimemlia mimi.

Kazi ya Reva ya kubadilisha makaratasi yake ilikuwa imeanza tangu Mei. Aliomba ruhusa kiwandani, akapanga foleni kwenye ofisi ya leseni. Karani akachukua leseni ya zamani, akaiweka chini ya meza, akampa ya Karolina ya Kaskazini. Akabadilisha namba za gari na bima yake. Akajiandikisha kupiga kura Hickory. Mkataba wa nyumba na risiti za pango akaziweka pamoja. Majira ya baridi yalipofika, alimpigia binamu yake, akamshukuru kwa miaka yote, akamwambia safari hii fomu za kodi atajaza mwenyewe, kama mkazi wa Hickory.

Lililomlemea zaidi lilikuja Novemba. Duka la zana za kuwinda huko kwao lilikuwa la mzee Arvil, aliyemuuzia Reva risasi tangu akiwa msichana. Dorsey alikuwa tayari amesimama kwenye kaunta.

"Ya kawaida, Reva?" mzee Arvil akauliza, kalamu mkononi.

"Hapana, mzee wangu. Nipe ya wasio wakazi."

"Acha utani. Hiyo ni ya watu wa mjini, wanaokuja na viatu vipya."

"Andika Hickory."

Mzee Arvil alimtazama, akaandika bila haraka. Reva alilipa bei ya mgeni. Dorsey akacheka, lakini si kwa nguvu.

"Karibu, mgeni wetu! Ukipotea kilimani piga yowe, tutakuja kukuchukua."

"Nyamaza. Nilikubeba mgongoni kwenye kilima hicho, ukanikojolea."

Mzee Arvil akacheka mpaka akakohoa. Walipotoka nje, Dorsey alimfungulia dada yake mlango wa gari, jambo asilolizoea.

"Kulungu hawasomi leseni, dada," akasema. "Twende."

Mwaka ulipotimia, Shelby alijaza maombi upya. Safari hii Reva aliketi pembeni yake. Kila kilichoulizwa kilikuwa na jibu moja, Hickory. Majibu yalipokuja, Shelby alipiga kelele mpaka Bi Odessa akachungulia dirishani kwake.

"Mkazi!" Shelby akamwambia kwa sauti. "Mimi ni mkazi!"

"Nimesikia, mwanangu! Mtaa mzima umesikia!"

Agosti, Reva alimpeleka chuoni, akambebea masanduku ghorofani, akarudi kazini siku iliyofuata mgongo ukiwaka. Wakati wa mapumziko ya mchana simu yake ikalia.

"Mama, leo darasani wametuambia kila mtu aseme anatoka wapi."

"Wewe ukasemaje?"

"Nikasema Hickory. Halafu nikasema mama yangu anatoka milimani, Virginia ya Magharibi, na anawinda kulungu vizuri kuliko mjomba."

"Walisemaje?"

"Waliuliza kama utaniletea nyama."

Reva akaegemea cherehani, akafumba macho, akatabasamu. "Waambie waje Hickory waile," akasema. "Ndiko friza liliko."