Inzi Hawatui kwa Evelina

Kwa Masele samaki walikuwa hawaliwi tena. Hebu fikiria! Nyumba ya Mwanza, ziwa unaliona ukiwa mlangoni, na watu wanakula maharage kila siku.

Sababu ilikuwa Evelina, dada yake Masele. Evelina anauza sato wabichi kwenye soko la Mirongo. Dorotea, mke wa Masele, alikuwa mteja wake. Lakini Dorotea aliona jambo. Meza za wauzaji wengine zimejaa inzi. Meza ya Evelina haina hata mmoja.

"Baba Sharon, inzi wanawakimbia samaki wa wifi," alisema. "Si unajua watu wanavyosema? Samaki asiyetuliwa na inzi kawekwa dawa ya maiti, ile ya kuzuia kuoza."

"Dada yangu? Acha hizo!"

"Basi mbona Sharon anaharisha?"

Masele akaenda kumtazama mtoto wao.

Jioni simu ya Dorotea ililia. Kwenye kundi la akina mama wa mtaa ilitumwa sauti: "Jamani, msinunue samaki kwa Evelina! Anaweka dawa ya maiti. Ndugu yake mwenyewe kaona kwa macho!"

"Umesikia?" Dorotea alipiga makofi. "Kumbe siko peke yangu!"

Masele alichanganyikiwa. Amwamini mke au dada? Kesho yake Evelina alipiga simu akilia.

"Kaka, wateja wamekimbia. Sato wananiozea. Kama hata nyumbani kwako hawanunui, nani atanunua? Nifunge biashara?"

Masele alishika kichwa. Akamwambia mkewe, "Twende kwa mama Bernadetta." Bernadetta ni jirani yao, afisa afya wa kata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni."

Bernadetta alisikiliza ile sauti. Akauliza, "Huyo ndugu aliyeona ni nani?"

"Hatumjui," alisema Dorotea.

"Evelina ana ndugu gani hapa mjini?"

"Ni sisi tu," Masele alijibu. Yeye na mkewe wakatazamana. Mambo gani haya?

Sauti ilikuwa ya mama Chenge, mmoja wa akina mama wa kundi lile. Bernadetta alimpigia simu palepale, wote wakisikia.

"Mama Chenge, huyo ndugu aliyeona dawa ni nani?"

"Si ni Dorotea! Aliniambia mwenyewe, tukiteka maji bombani."

Dorotea aliruka. "Mimi? Nilisema inzi hawatui! Sikusema nimeona dawa!"

"Sasa si ni yaleyale?" alisema mama Chenge.

"Si yaleyale," Bernadetta alisema. "Dorotea, uliona nini?"

"Meza isiyo na inzi."

"Dawa je?"

"Sikuiona."

"Basi ni maneno yako mwenyewe. Yamezunguka mtaa, yamerudi kwako, ukadhani ni ya mtu mwingine. Watu mia wakisikia kwa mtu mmoja, shahidi bado ni mmoja. Kwanza uliza: nani ameona? Ameona nini hasa?"

"Na Sharon?" Dorotea aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi sijui. Mpeleke zahanati apimwe. Maji mnachemsha?"

Dorotea aliangalia chini. Mkaa ulipopanda bei, aliacha kuchemsha.

Wote watatu walikwenda sokoni kwa Evelina. Sato walilala juu ya barafu. Meza ilikuwa imesuguliwa kwa sabuni. Matumbo ya samaki yalikuwa kwenye ndoo yenye mfuniko.

"Inzi anafuata harufu na uchafu," alisema Bernadetta. "Yeye hapimi dawa. Samaki mzuri mtazame hapa: macho maangavu, mashavu mekundu ndani. Ukibonyeza nyama, inarudi."

Kisha alichukua sato mmoja apimwe maabara, asije naye akasema asichokijua. Majibu yalipokuja, dawa haikuwepo. Zahanati nayo ilisema Sharon aliugua kwa maji machafu.

Dorotea alirekodi sauti yake, akaituma kwenye kundi lilelile. "Mimi ni Dorotea, mke wa Masele. Yule ndugu ni mimi. Sikuona dawa. Niliona meza safi, mengine tukaongeza. Wifi, nisamehe."

Wateja walirudi, kwanza wachache, baadaye wengi. Jumapili Evelina alileta sato nyumbani. Dorotea alipika kwa nyanya na ugali wa moto. Walipokaa kula, inzi akatua kwenye sahani ya Dorotea.

"Haya, wifi," alisema Evelina, "kula sasa. Mkaguzi wako amefika!"

Masele alicheka mpaka akapaliwa. Dorotea alicheka kwa aibu, akamfukuza inzi, akaenda kuleta kawa la kufunikia chakula.