Siki ya Babu

Kila siku baada ya shule nilimsindikiza babu kwenye kazi zake za ufundi bomba, nikimbebea spana. Njia ya dakika kumi ilituchukua nusu saa. Kila baada ya nyumba tatu babu alisimama na kujifanya anakagua mita ya maji ya watu, kumbe shavu la mguu linambana. Nikimuuliza, ananiuliza nina haraka ya kwenda wapi. Alinichosha kwelikweli.

Bibi naye uvumilivu ulipomwisha, alimburuta hospitali, nami nikafuatana nao. Daktari alimpima shinikizo la damu mkononi na kwenye kifundo cha mguu, kisha akatuonyesha picha. Mishipa inayopeleka damu mguuni ilikuwa na mabaka meupe. Alieleza kwamba mafuta yameganda ndani ya kuta za mishipa, na chokaa imejijenga humo hadi yakawa magumu. Chokaa nyingi namna ile, alisema, ni dalili kwamba ugonjwa umekwenda mbali. Akamwagiza babu aache sigara, ameze dawa na atembee kila siku.

Katika yote hayo, babu alisikia neno moja tu: chokaa.

"Miaka arobaini natoa chokaa kwenye mabomba," aliniambia tulipobaki wawili karakanani. "Kiboko yake ni siki. Ila bibi yako asijue."

Dawa akazifungia kwenye kisanduku cha vifaa. Siki akawa anakunywa glasi nzima asubuhi na jioni, uso umemkunjamana, sigara mkononi. Nilimwambia tumbo lake si birika. Akaniambia ninyamaze, nami kwa ujinga wangu nikanyamaza.

Wiki ya tatu nilimwona akivua kiatu. Kidole gumba kilikuwa na kidonda, na ncha yake imeanza kuwa nyeusi. Eti kiatu kimembana tu! Nilipandwa na hasira mpaka machozi yakanitoka. Nikabeba kile kisanduku, nikaenda kukifungua mbele ya bibi.

Bibi aliziona dawa hazijaguswa, nami nikamweleza habari ya kidole. Alivaa viatu na kumtanguliza babu hospitali. Huko walipitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa ili kuupanua, lakini chokaa ilikuwa ngumu, kazi ikachukua saa nne. Mguu ulipona. Kidole kilikatwa.

"Siki huishia tumboni, mzee," daktari alimwambia, sauti ikionyesha amechoka naye. "Na chokaa yako imo ndani ya ukuta wa mshipa, haikwanguliki. Ungechelewa wiki moja, ningekata mguu."

Babu alinigeukia. Nilijua atanilaumu kwa kutoboa siri, na jibu langu lilikuwa tayari ulimini.

"Kosa ni langu, mjukuu wangu," alisema taratibu. "Mtu mzima akikuambia umfichie ugonjwa wake, usimtii. Hata nikiwa mimi."